Kazi Hii ni ya Nani?

Natumaini mshahara umeingia, kodi ya nyumba imelipwa na mapenzi bado yana sukari. Kama kimojawapo kimekwama, pole sana. Ila usiniambie "kimekwama" tu ukaishia hapo. Niambie nani kakikwamisha. Na hapo hapo ndipo ninapotaka tuanzie mwezi huu.

Hebu sikiliza tunavyoongea ofisini. Mashine imeharibika. Ripoti imechelewa. Mafuta yamemwagika. Kikao kimevurugika. Usingizi ulinipitia. Gari liliniacha. Muda ulinitupa mkono. Ukirudi nyumbani wimbo ni ule ule: glasi imevunjika, maharage yameungua, luku imekata, hela imeisha. Umeona? Orodha ndefu yote hiyo haina mtu ndani yake. Glasi iliamka asubuhi ikaamua kuvunjika. Maharage yalikaa kikao jikoni yakapitisha azimio la kuungua. Sisi tulikuwa tunapita tu.

Kiswahili chetu kimetupa kipande kidogo kitamu sana, "-ika". Ukichukua "vunja" ukakibandika, unapata "vunjika", na yule mwenye mkono anatoweka kama mwizi gizani. Shuleni tulifundishwa kuiita kauli ya kutendeka. Makazini tungeiita kauli ya kukwepea. Lugha yenyewe haina kosa, maana kweli kuna vitu vinavyovunjika bila mtu kuvigusa. Ishu ni pale ofisi nzima, kuanzia mfagizi hadi mkurugenzi, inapoongea kwa kauli hiyo mwaka mzima, halafu mwisho wa mwaka tunashangaa mbona hakuna kilichorekebishwa. Kitarekebishwaje wakati hakuna aliyekifanya?

Wahenga walishaliona hili kabla hata ya ofisi kuwepo. Walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Leo mbaazi umesoma, una shahada na laptopu, na badala ya jua unasingizia mtandao.

Twende Itaka kidogo

Nataka nikupeleke mbali na foleni za Dar. Itaka ni kata iliyoko Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, ule mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Kama hujafika upande huo, ni kule barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zinakoelekea kuvuka mpaka pale Tunduma. Ni wilaya ile ile yenye Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la tani zipatazo 16 lililotua kutoka angani. Lakini kinacholisha familia nyingi za Mbozi hakikudondoka kutoka mbinguni. Ni kahawa aina ya arabika, na kahawa ni mwalimu mkali wa somo letu la leo.

Sisi tunaoijua kahawa kwenye kikombe huwa hatujui ina safari gani. Mche unachukua karibu miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa vizuri. Matunda hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo mchumaji anarudi kwenye mti ule ule mara kadhaa, akichagua mekundu tu na kuacha mabichi. Yakichumwa yanatakiwa kumenywa siku hiyo hiyo. Ukiyaacha yalale kwenye gunia yanaanza kuchacha yenyewe. Baada ya kumenywa, kahawa inavundikwa siku moja au mbili kutegemea baridi, inaoshwa hadi ule utelezi uishe, inatandazwa kwenye vichanja na kuanikwa. Jua likiwa kali sana saa sita mchana inafunikwa. Usiku inafunikwa tena. Asubuhi inafunuliwa, inageuzwa, punje mbovu zinaokotwa mkono kwa mkono. Mpaka ikauke kufikia unyevu wa asilimia 11 au 12 hivi, zimepita siku nyingi na mikono mingi. Na kilo tano au sita za matunda zinatoa kama kilo moja tu ya kahawa safi.

Sasa jiulize: katika mnyororo huo, nani akizembea itaonekana? Mchumaji akichanganya matunda mabichi, gunia kwa nje linapendeza tu. Aliyelala bila kufunika kahawa usiku, asubuhi anafunua na hakuna shahidi. Aliyeacha kuvundika kupitiliza, atasema baridi imezidi. Lakini kahawa haisahau. Mwisho wa safari kuna waonjaji wanaokaa na vijiko vyao, wanavuta fundo moja kwa kelele, wanalizungusha mdomoni na kulitema. Punje moja tu iliyovundikwa vibaya inatosha kuharibu kikombe kizima. Hapo bei inashuka, na haishuki kwa yule mzembe peke yake.

Hapo ndipo utamu, au uchungu, wa somo ulipo. Kahawa ya mkulima mdogo mara nyingi inauzwa kwa pamoja kupitia chama cha ushirika cha msingi, au AMCOS kama wengi wanavyoiita. Matunda yangu na ya jirani yakishaingia kwenye mashine moja, hakuna tena "yangu" na "yake". Kuna mzigo wa chama. Na mzigo wa chama, kama ulivyo mzigo wa ofisi na kama ilivyo mali ya umma, una mtihani wake: kila mtu anajua ni wetu, kwa hiyo hakuna anayehisi ni wake. Shambani kwako unaokota punje moja moja. Kwenye kichanja cha chama unasema "wengine wataokota". Watu 100 wakisema hivyo, punje inabaki pale pale ikisubiri kikombe cha mwonjaji.

Badilisha jina tu. Badala ya kichanja weka ripoti ya idara, akaunti ya mteja, stoo ya dawa, au darasa la Kidato cha Pili. Hadithi ni ile ile.

Neno lililochafuliwa

Sasa tuseme ukweli, maana safu hii haijaja kukutolea mahubiri. Kwa nini tunakwepa? Wengi watakwambia vijana wa siku hizi wavivu. Mimi sikubaliani. Nadhani tunaogopa, na tuna sababu.

Angalia tulichokifanya kwa neno "kuwajibika". Asili yake ni wajibu, yaani jambo linalokupasa. Lakini kwenye magazeti na redio zetu, ukisikia fulani "amewajibika" unajua kaachia ngazi. Ukisikia "amewajibishwa", kafukuzwa. Mwezi Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu kutokana na sakata la Richmond, neno hilo lilikuwa kila kijiweni, na maana yake ilikuwa moja tu: kuondoka. Basi mtoto aliyekua akisikia hivyo, akiajiriwa leo na bosi akamwambia "inabidi uwajibike", moyo unamwenda mbio. Anaanza kufikiria barua ya onyo, wala hafikirii kazi.

Lakini historia yetu hiyo hiyo ina mfano unaonifanya nilipende tena neno hili. Katikati ya miaka ya 1970, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa kwenye msako wa kukomesha mauaji waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa maofisa wa dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwa yeye aliyemshika mtu yeyote wala kumpiga. Angeweza kusema alikuwa Dar es Salaam, kwamba hakuagiza, kwamba wahusika watachukuliwa hatua. Mwaka 1977 aliandika barua ya kujiuzulu, kwa sababu waliofanya hayo walikuwa chini ya wizara yake.

Unajua kilichofuata. Alipelekwa kuwa balozi nchini Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano hadi 1995. Alipofariki Februari 29, 2024, akiwa na umri wa miaka 98, watu walimlilia Mzee Rukhsa, na ile barua ya 1977 ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa kwa heshima. Sikwambii ukijiuzulu leo kesho utakuwa Rais, mwenzangu, usije ukanilaumu! Ninachosema ni kwamba aliyekubali kubeba mzigo mbele ya watu hakuisha. Na waliokufa walistahili angalau mtu mmoja mkubwa aseme, "hili lilitokea chini yangu."

Mkono, kiti na jicho

Kutokana na hayo, mimi naona wajibu kazini una sehemu tatu. Ukizitenganisha, hata woga unapungua, maana unajua unabeba nini na huna haja ya kubeba nini.

Ya kwanza ni mkono. Hiki ni kile ulichofanya mwenyewe, kizuri au kibaya. Chukua mfano wa kijana anayefanya kazi kwa wakala wa forodha pale Tunduma. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 ili malori yasihangaike pande mbili. Lakini hata kituo kiwe kizuri vipi, tarakimu moja ikikosewa kwenye nyaraka, lori linapaki. Dereva analala kwenye kabati la lori, mzigo unakaa, mwenye mzigo Lubumbashi anapiga simu. Sasa huyu kijana ana njia mbili. Aseme "mfumo unasumbua", dereva akae siku mbili watu wakiutafuta ugonjwa usiokuwepo kwenye mfumo. Au aseme "nimekosea tarakimu ya kontena, narekebisha sasa hivi", na lori liondoke jioni. Angalia vizuri: kosa ni lile lile. Kilichobadilika ni muda wa dereva kulala barabarani. Kukiri kwa wakati ni huruma kwa mtu mwingine kabla hata hakujawa maadili.

Ya pili ni kiti. Hiki ni kile kilichotokea chini yako hata kama mkono wako haukukigusa. Ndiyo ile ya Mzee Mwinyi. Kama wewe ni msimamizi wa watu watatu tu, tayari una kiti. Kiti kina raha yake: posho, heshima, kuitwa "mkuu". Msimamizi anayesema "tumefanikiwa" kazi ikienda vizuri na "vijana wameniangusha" ikienda vibaya, anataka kukalia kiti bila kubeba miguu yake. Vijana wanamwona. Hawatasema, ila mwezi ujao watampa kazi ya kiwango cha mtu asiyewatetea.

Ya tatu ni jicho, na hii ndiyo tunayoisahau kabisa. Ni kile ulichokiona. Bomba linavuja koridoni, watu 20 wamelipita asubuhi, kila mmoja kajisemea "fundi atakuwa ameshaambiwa". Umeona jina la mteja limeandikwa vibaya kwenye barua ya idara jirani, ukanyamaza kwa sababu "siyo kazi yangu". Kweli, kulirekebisha siyo kazi yako. Kusema ni kazi yako. Jicho halikudai uingilie kila kitu. Wanaoingilia kila kitu nao ni kero ofisini, tunawajua. Linadai sentensi moja kwa mtu anayehusika, basi.

Umepangiwa mbali, mwenzio yuko mjini

Kuna barua tunazozipata mara kwa mara za wasomaji walioajiriwa wakapangiwa mbali. Mwalimu kutoka Dar anapangiwa kata kama Itaka. Nesi kutoka Moshi anapangiwa zahanati ya kijijini. Mchumba kabaki mjini. Siku ya kwanza anaripoti, siku ya pili anauliza utaratibu wa uhamisho.

Simlaumu. Kupendana kwa simu si mchezo, na nauli ya basi kutoka Tunduma hadi Dar ni pesa. Kutafuta uhamisho ni haki yake na ndoa ni ndoa. Tatizo ni pale mtu anapoanza kuishi kama abiria kituoni. Kwa vile "nahama tu", hajifunzi majina ya wanafunzi. Kwa vile "nahama tu", daftari la stoo anaacha kama alivyolikuta. Hanunui hata ndoo ya pili. Miaka miwili inapita, uhamisho haujatoka, na miaka hiyo yote hakuwa mahali popote: Dar hayupo, Itaka hayupo.

Wakati huo huo mtoto wa Kidato cha Pili ana mwaka mmoja tu wa Kidato cha Pili. Hatapewa mwingine mwalimu akishahama na kuwa na furaha. Mama aliyeleta mtoto mwenye homa zahanati hana habari na barua yako ya uhamisho. Kwao wewe si mtu wa kupita. Kwao wewe ndiye mwalimu, wewe ndiye nesi.

Na wewe uliyebaki mjini, una sehemu yako. Kila usiku ukimpigia mwenzio swali likiwa "utaondoka lini huko?", unamsaidia kutokuwepo. Siku moja jaribu kumuuliza, "wanafunzi wako wanaendeleaje? Yule wa mwisho kafika wa ngapi?" Utashangaa mtu anavyochangamka. Pangeni uhamisho kwa tarehe na makaratasi, mkishapanga acheni kuuongelea kila siku. Mapenzi yanavumilia umbali kuliko yanavyovumilia mtu asiyejiheshimu katika anachokifanya kuanzia asubuhi hadi jioni.

Neno kwa mabosi

Mabosi nanyi mnasoma, najua, mnajificha nyuma ya magazeti ya uchumi. Watu wenu wakikwepa, jiangalieni kwanza nyie. Mtu wa kwanza kusema "ni mimi" katika kikao chenu alifanyiwa nini? Kama alifokewa mbele ya wenzake, basi mliwafundisha watu wote waliokuwa mezani siku hiyo kutumia kauli ya "-ika" mpaka wastaafu.

Kwenye viwanda vya Toyota kule Japani kuna utaratibu uliokuwa maarufu duniani. Juu ya mstari wa kuunganisha magari palipita kamba. Mfanyakazi yeyote, hata wa ngazi ya chini, akiona kasoro anaivuta. Kiongozi wake anakuja mbio kuangalia tatizo, na kama halijaisha mstari mzima unasimama. Hasara? Dakika chache. Faida? Kasoro inakamatwa pale pale ilipozaliwa, haiendi kukutwa na mteja barabarani. Lakini fikiria ingekuwaje kama kila aliyevuta kamba angekatwa mshahara. Kamba ingening'inia pale mpaka ipigwe vumbi. Swali langu kwako bosi: ofisini kwako kamba iko wapi, na mara ya mwisho kuvutwa ilikuwa lini?

Hata Serikali ililiona hili la kujua nani kafanya nini. Kuanzia mwaka 2004 watumishi wa umma walipimwa kwa OPRAS, ambapo mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka na kuyapitia baadaye. Miaka ya karibuni nafasi yake imechukuliwa na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Fomu ni nzuri. Ila fomu ya karatasi au ya kompyuta haiwezi kufanya kinachofanywa na mazungumzo ya dakika 10 ya watu wawili wasioogopana. Fomu ikijazwa siku moja kabla ya mwisho ili "bora liende", hapo tumejaza karatasi tu.

Usibebe mpaka ukavunjika mgongo

Sasa nikuonye kidogo, maana kuna watu wema wakisoma safu hii watakwenda kujitwisha dunia. Kuwajibika siyo kuwa punda wa ofisi. Kuna mabosi wanaolipenda sana neno "ownashipu", wanalisema kwenye kila semina, na maana yake kwao ni wewe ufanye kazi ya watu watatu kwa mshahara wa nusu mtu.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi katika mambo kadhaa yanayofaa uyajue. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Na ukisababisha hasara kazini, mwajiri hawezi kuamka tu akakukata. Lazima iwe ni kosa lako kweli, upewe nafasi ya kujieleza, kiasi kiandikwe, na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Kwa hiyo unaposema "nimekosea", hujasaini hukumu ya kifo. Umesema ukweli, na sheria bado imesimama upande wako. Kama kuna mgogoro, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Vile vile usikubali kuwa mbuzi wa kafara. Ukitupiwa kosa la mwingine, kulinyamazia siyo unyenyekevu, ni kuusaidia uongo. Sema kwa upole na kwa maandishi: sehemu yangu ilikuwa hii, niliikamilisha tarehe hii, kuanzia hapo kazi ilikuwa kwa fulani. Mtu anayebeba lake bila kusukumwa anaaminika anapokataa lisilo lake. Yule anayekataa yote kila siku, siku akionewa kweli hakuna atakayemsikiliza.

Na nyumbani je?

Nisingekuwa mhariri wa jarida hili kama ningemaliza bila kuingia sebuleni kwako. Mtu hana ulimi wa ofisini na mwingine wa nyumbani. Anayesema "ripoti imechelewa" kazini, nyumbani anasema "tumegombana" wakati yeye ndiye aliyetukana. Anasema "siku hizi mapenzi yamepoa", kana kwamba mapenzi ni chai iliyosahauliwa mezani na mgeni. Anasema "hela zimeisha" na mke au mume anabaki kuhesabu peke yake zimeishaje.

Sikiliza tofauti. "Ada ya mtoto imechelewa" na "nilitumia ada ya mtoto kwenye mchango wa harusi ya rafiki yangu, nilikuwa sina ujasiri wa kukwambia." Sentensi ya pili inauma, tena sana. Usiku huo mtalala mmegeuziana migongo. Lakini ina mlango. Mwenzio anajua kilichotokea, anaweza kukasirika kwa jambo linaloeleweka, na kesho mnaweza kupanga. Sentensi ya kwanza haina pa kushika. Inaacha mtu akishuku kila kitu, na shuku haina kikomo kama kosa lilivyo nacho.

Kwa hiyo mwezi huu nakupa kazi ndogo, wewe na mwenzio, na kama una roho ngumu iingize na ofisini. Kwa wiki moja tu, kila unapotaka kusema kitu "kimevunjika", "kimechelewa" au "kimeharibika", simama kidogo. Kama mkono wako ulikuwepo, anza sentensi na "ni-". Nimechelewesha. Nimesahau. Nimeunguza maharage, ngoja nipike mengine. Kama mkono wako haukuwepo, sema hivyo pia bila aibu. Wiki ikiisha, mhesabu ni mara ngapi dunia ilianguka. Nadhani mtakuta haikuanguka.

Na ukipita barabara ya Tunduma ukaona kibao au ukasikia kondakta anaita Itaka, jina hilo lisikupite hivi hivi. Badilisha herufi moja tu ya mwisho, unapata neno ninalotaka ubaki nalo hadi mwezi ujao. Kazi yako, hiyo hiyo uliyo nayo leo, hata kama siyo ile ya ndoto zako, hata kama barua ya uhamisho iko njiani: itake.

Ni hayo tu kwa leo. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Wasalimie nyumbani.